Usiku wa Sembène: msimuliaji au maandishi chini ya picha?

Mleta hoja: Ukumbi wa mtaa, viti 80, usiku mmoja wa filamu za Ousmane Sembène wa Senegal. Zitapangwa tatu: Borom Sarret (1963), dakika 20 hivi; La Noire de... (1966), kama saa moja; Mandabi (1968), saa moja na nusu. Mbili za kwanza ni za Kifaransa, ya tatu Kiwolofu. Je, awepo msimuliaji wa moja kwa moja kama kwenye vibanda umiza, zile sinema ndogo za mitaani, au tuweke maandishi ya Kiswahili?

Mtafsiri: Maandishi, ili sauti halisi ya filamu isikike. Mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, yasikae zaidi ya sekunde sita au saba. Ila msitafsiri kupitia Kiingereza. Katika Mandabi, kijana Abdou yuko Paris na anamtumia Dieng, mhusika mkuu, hawala ya faranga 25,000, naye anahangaika maofisini Dakar kuichukua. Kiingereza kinamwita Dieng "uncle", basi mvivu anaandika "baba mdogo". Baadaye mama yake Abdou anakuja kudai fungu lake, naye ni dada yake Dieng! Ni mjomba, jamani. Ukikosea hapo, ukumbi mzima unapotea.

Fundi projekta: Angalieni pia kasi ya picha. Faili la maandishi lililopimwa kwa picha 25 kwa sekunde, likiwekwa kwenye filamu ya picha 24, linatangulia sekunde 2.4 kila dakika. Mwanzoni hamtaona kitu, ikifika dakika ya kumi jibu linasomeka kabla ya swali. Kulisogeza mbele hakusaidii, libadilisheni kasi lote. Herufi nyeupe ziwe na ukingo mweusi, maana kanzu za Dakar zinazimeza. Na ukingo wa chini wa kitambaa uwe juu ya vichwa vya waliokaa, mita moja na nusu kutoka sakafuni.

Wa kibanda umiza: Wakuu, mnamjua mnayemwonyesha? Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu, akaingia kwenye sinema kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kuvisoma. Leo mnataka wamsome! Na hiyo "sauti halisi" mnayoilinda: anayeonekana katika La Noire de... ni Mbissine Thérèse Diop, ila sauti ni ya Toto Bissainthe, mwanamke wa Haiti. Lufufu alijaza vibanda Tanzania kwa kusimulia tu.

Mtafsiri: Sauti ile aliiweka mwongozaji mwenyewe. Msimuliaji akianza vichekesho vyake, filamu inakuwa yake. Mwishoni mwa La Noire de... mtoto anavaa kinyago na kumfuata yule bwana wa Kifaransa mitaani Dakar, hakuna anayesema neno. Nani atamzuia mwenye maiki asijaze kimya kile?

Fundi sauti: Mswada ndio utakaomzuia. Aandikiwe dakika na sekunde, na pale paandikwe NYAMAZA. Filamu iwe na chaneli yake kwenye miksa, ipunguzwe anapoongea, isizimwe. Akae nyuma ya mstari wa spika, akiwa mbele yake maiki itapiga filimbi. Apewe skrini yake ndogo ili asigeuze shingo. Wawe wawili wapokezane, saa tatu kwa koo moja ni nyingi.

Mleta hoja: Vibali je?

Fundi projekta: Kununua DVD si kununua haki ya kuonyesha hadharani. Mwandikieni msambazaji mapema, na kibali cha bodi ya filamu ni jambo jingine.

Wa kibanda umiza: Nakubali hivi: La Noire de... kwa maandishi, Mandabi kwa msimuliaji. Dieng mwenyewe hajui kusoma.

Mtafsiri: Nami nakubali, kwa sharti moja: makarani wakimgeuzia Dieng Kifaransa, msimuliaji asitafsiri. Ukumbi ukwame naye dirishani.

Wa kibanda umiza: Hapo watapiga kelele warudishiwe kiingilio.