Naomba ushauri: tope la majitaka lililokaushwa kama mbolea ya mahindi
Ndugu wakulima na wataalamu, naombeni ushauri wenu. Nina shamba la mahindi na mchicha pembezoni mwa Morogoro, na nimeahidiwa tope lililokaushwa kutoka mabwawa ya majitaka kwa bei nafuu kuliko mbolea ya dukani. Sampuli niliyoletewa ni nyeusi, inavunjika mkononi kama udongo wa kichuguu na hainuki. Lakini kutonuka si kipimo, kwani mayai ya askarisi (minyoo ya tumboni) huweza kuishi humo kwa miezi mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka mayai ya minyoo yawe chini ya 1 kwa kila gramu ya tope kavu, na kwa joto la nyuzi 20 hadi 35 lihifadhiwe zaidi ya mwaka 1. Muuzaji anasema hili limekaa miezi 6. Je, nikilichanganya na pumba za mpunga na kuligeuza hadi lundo lipite nyuzi 50 kwa zaidi ya wiki nzima, litafaa kwa mahindi? Kwenye mchicha nimeshaamua kutolitumia. Na kwa kuwa joto la lundo haliondoi metali zenye sumu kama kadimiamu na risasi, ni maabara gani inayozipima kwa gharama ambayo mkulima mdogo anaimudu?