Wakuu, protini inatokaje kwenye kiini cha seli? Picha imenivuruga

Mwanachuo_Kuchele: Habari za jioni wakuu, niko chuo hapa Mtwara mwaka wa pili, keshokutwa nina prezentesheni. Najua eksipotini inayoitwa CRM1 ndo inabeba protini kuzitoa kwenye kiini na lazima iwe na Ran, protini nyingine ndogo, yenye GTP (molekuli ya nishati). Sasa kwenye picha CRM1 iko kama pete, Ran imekaa ndani ya pete, mzigo umeng'ang'ania mgongoni kwa nje, yani wala havigusani! Ran inasaidia nini hapo?

Mpwa_wa_MsangaMkuu: Dogo chukulia kivuko cha Msanga Mkuu, bila tiketi hupandi. Ran ndo tiketi yako hiyo.

BiMaabara_Lindi: Tiketi sawa ila haijajibu swali lake. Mwanangu, CRM1 ni vipande 21 vinaitwa HEAT vimepangana mpaka vikazunguka, kati ya cha 11 na cha 12 kwa nje kuna mfereji, humo ndo zinazama lyusini (aina ya asidi amino) za ile alama ya kutokea ya mzigo. Sasa kipande cha 9 kina kitanzi kirefu, Ran ikiwa haipo kinalalia ukuta wa ndani nyuma ya mfereji na mfereji unabana. Ran-GTP ikiingia kitanzi kinahamia upande wa pili, mfereji unaachia. Shika kibanio cha nguo, minya huku uone kinapanuka kule, vidole vyako na nguo vimegusana wapi?

Mwanachuo_Kuchele: Daah! Na huko nje ya kiini nani anauachisha mzigo?

BiMaabara_Lindi: Protini inaitwa RanBP1 inaidaka Ran, kitanzi kinarudi mahali pake pa mwanzo, mfereji unabana, mzigo unatemwa, halafu ndo protini nyingine, RanGAP, inahakikisha GTP imekuwa GDP (imepungua fosfeti moja). Ndani ya kiini protini RCC1 imekaa kwenye kromatini (DNA na protini zake) inaipa Ran GTP upya, ndo maana mzigo haushukii humo humo. Ila kibanio kikifunga kinang'ata, huu ukifunga unatema, usije ukaulizwa ukaduwaa.

Mdau_wa_Masasi: Ongezea na dawa mkuu, selinexor inaziba mfereji huo huo kwa kujishika na sisteini (asidi amino) ya 528 ya CRM1, Marekani waliipitisha 2019 kwa saratani ya uboho.

Mwanachuo_Kuchele: Asanteni sana, shikamoo Bi Maabara. Kibanio nimeshachomoa kwenye kamba ya mama mwenye nyumba, naenda nacho darasani.