Wageni wa Shela: waje na eSIM ya safari au wanunue laini hapa?

MamaSalma_Shela

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nina nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, vyumba vinne, naiendesha na binti yangu. Kila anayeulizia chumba huuliza na mambo ya intaneti: anunue eSIM ya safari, ile laini isiyo na kadi, kabla hajatoka kwao, au asubiri afike anunue laini ya hapa? Miaka yote nimekuwa nikijibu "yoyote ni sawa". Sitaki tena kujibu hivyo.

Mwezi wa Disemba nilimpokea mama mmoja na mtoto wake wa miaka 6. Ndege ilichelewa Nairobi, ikatua Manda, kisiwa cha uwanja wa ndege ng'ambo ya maji, jua linazama. Nahodha niliyemtuma alikuwa pale tangu saa tisa, na maji yalipoanza kutoka akaisogeza mashua upande wa pili wa gati isije ikakwama. Yule mama alikuwa na eSIM yake ya safari, intaneti anayo, ananiandikia WhatsApp: tumefika, hatumwoni mtu. Simu yangu nayo iko kwenye chaji chumba cha ndani kabisa. Mnazijua nyumba zetu za mawe na unene wa kuta zake. Simu ukiiacha ndani, ujumbe hauingii mpaka uitoe kiwandani, yaani uani. Nahodha hana WhatsApp, ana kabambe, simu ndogo ya kupiga tu. Alikuwa hatua mia tu kutoka walipoketi, lakini mama hakuwa na laini ya kumpigia nahodha, wala nahodha hakuwa na namba ya kumpigia mama. Ile eSIM ilikuwa ya intaneti peke yake.

Robo tatu ya saa wamekaa juu ya masanduku yao gizani. Salma alipoitoa simu kiwandani ililia mfululizo, jumbe kumi na moja kwa mpigo. Nilitetemeka. Mtoto aliponifikia alikuwa amelala begani kwa mamake, uso umejaa alama za mbu.

Na haikuishia hapo. Siku tano alizokaa, kila alichotaka kulipa aliambiwa M-Pesa. Mahamri ya asubuhi, madafu, punda wa kubeba masanduku, mashua ya kwenda Manda Toto. Kadi ya benki anayo, lakini muuza mahamri ataifanyia nini? Nikawa nalipa mimi na kuandika daftarini, ukurasa ukajaa mbele na nyuma, na siku ya kuondoka tukakaa dakani tukihesabu shilingi kwa shilingi. Alilipa yote, Mungu ambariki, lakini niliona haya kumhesabia mgeni mahamri.

Basi nikajisemea: kuanzia sasa wote wanunue laini hapa. Mgeni wa kwanza niliyemwambia hivyo ni Mmarekani, mwezi wa pili. Alienda mjini na boti, akarudi na kadi ya laini mkononi: simu yake haina pa kuitia. Haina tundu hata moja!

Sasa naandika upya barua ninayowatumia wageni kabla hawajaja. Niwaambie nini? Na nimefikiria pia kusajili laini mbili kwa jina langu, niwe nawaazima wakifika. Kuna ubaya?

---

Fundi_Mkomani

Wa alaykum salaam Mama Salma. Pole na yaliyowakuta wewe na mgeni wako.

Nianze na Mmarekani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la kadi kabisa. Zinatumia eSIM tu. Lakini eSIM si jina la laini ya wageni. Ni chipu iliyochomelewa ndani ya simu, na laini yoyote inaweza kuingizwa humo: ya kampuni ya kwao, ya safari, hata ya hapa kwetu. Safaricom wana eSIM, na ukiichukua unapata namba ya Kenya na M-Pesa kama mwenye kadi. Kwa hivyo Mmarekani wako hakukosa laini. Alipewa kadi mahali pa kupewa ile picha ya miraba ya kuskani, na aliyemuuzia hakumuuliza ana simu gani. Mimi mteja akija na simu ya ughaibuni naishika kwanza, naigeuza pembeni kutazama tundu, ndipo nafungua mdomo.

Kipimo chepesi: mwambie mgeni abonyeze *#06# kama anataka kupiga. Simu ikikubali eSIM, pamoja na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itatokea namba ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID. Isipotokea, basi ni kadi ya kawaida.

Swali lako lenyewe basi ni hili: anahitaji intaneti tu, au anahitaji namba? Nyingi ya hizi eSIM za safari ni intaneti tupu. Hupigi simu ya kawaida, hupokei, M-Pesa huwezi kuisajili. Akitaka kuishi Lamu kama mtu, alipe mwenyewe na apigiwe na nahodha, anunue laini ya hapa. Aje na paspoti yenyewe, si picha yake, na aseme hapo hapo kwamba anataka na M-Pesa, asajiliwe vyote kwa safari moja. Na simu isiwe imefungwa na kampuni ya kwao. Simu iliyofungwa huikataa laini ya hapa na huikataa eSIM ya safari pia, hilo alimalize kabla hajapanda ndege.

Kuhusu kuazima laini, mamangu, usifanye. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, lolote litakalotendwa nayo ni lako. Unakumbuka tulivyohangaishwa 2022, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotoa muda wa kuhakiki usajili hadi tarehe 15 Oktoba? Ilikuwa ni kwa ajili ya hayo hayo, laini zinazotembea kwa majina ya watu wengine. Bonyeza *106# uone zilizo kwa jina lako ni zipi. Mimi nilimbonyezea mamangu nikakuta ambayo haijui kabisa.

---

NahodhaMkanda

Mwanangu Mama Salma, pole. Huyo nahodha wako hana kosa, maji yakitoka hapana atakayeiwacha mashua ikalie mtanga.

Mimi ni mtu wa bahari, simu nimefundishwa na wajukuu, lakini hili nalijua. Nawapeleka wageni Kiwayu, siku mbili tatu. Wengi hudhani intaneti waliyonunua kwao inakuya na mnara wake, kwamba yetu ikikatika yao itashika. Minara ni hii hii moya. Ile laini ya nje inapanga tu nyumba kwa wenyeji. Panapokatika yetu na yao yakatika. Siku moya mgeni alisimama omoni na simu juu kama anayetweka tanga, anangoja mtandao wake wa Ulaya. Nilimhurumia, alikuwa amemuahidi mamake atampigia.

Hivyo kabla hatujang'oa nanga nawaambia wawaandikie watu wao: kesho kutwa tusipoonekana, tumo ndiani, si habari mbaya. Na ramani waishushe simuni wakiwa mjini. Simu ya sauti huwahi kushika mahali intaneti haifungui, lakini hapo tena warudia maneno ya fundi, uwe na namba ya kupigiwa.

---

BintiMambrui

Dadangu, mimi niko Malindi, nasimamia nyumba za wageni upande wa Casuarina. Wageni wetu wengi hapa ni Waitaliano. Nataka kuisemea eSIM ya safari neno, maana naona mnaihukumu.

Mgeni wa usiku tatu, dereva anamchukua uwanjani na jina lake kwenye kibao, chakula chake ni hapa hapa na analipa bili mara moja akiondoka. Huyu nimpeleke akapange foleni dukani na paspoti asubuhi ya kwanza ya likizo yake? Ana eSIM, akitua tu anaiwasha, ananiandikia. Inamtosha. Laini namwambia anayekaa wiki na zaidi, au anayetaka kutembea mwenyewe sokoni, Gede, Marafa.

Ila kuna jambo ambalo ningependa uliweke juu kabisa ya barua yako. Tangu Juni 2017 watu wa Umoja wa Ulaya wanatumia bando lao la nyumbani katika nchi zote za Umoja bila kuongezewa gharama ya roming, yaani ya kutumia laini ya kwao ugenini. Wamezoea. Wakija Kenya hawakumbuki kwamba sheria ile haifiki huku. Wanatua, simu inashika mtandao wa hapa kwa laini ya kwao, picha zinaanza kujipandisha zenyewe, na bili inamfuata mtu mpaka nyumbani. Nilikuwa na bibi mmoja, mtu mzima, mstaafu, alinionyesha ujumbe wa kampuni yake huku mkono unatikisika. Hakuwa amefanya lolote ila kuiacha simu mezani usiku mmoja.

Kwa hiyo wakiwa na eSIM ya safari au laini yetu, laini ya kwao waizime intaneti yake ya roming tu. Wasiizime laini yote, maana benki zao zinatuma namba za siri kwa ujumbe mfupi, na laini ikizimwa hazifiki. Wengi hawajui kwamba hivi ni vitu viwili.

---

Fundi_Mkomani

Dada wa Mambrui amesema kweli, naongeza mawili.

Kwanza, eSIM ya safari wasiifute! Mwaka jana alikuja kijana hapa dukani, mtandao ulikuwa mzito akaifuta, akidhani ataiskani tena ianze upya. Nyingi zinaingizwa mara moja tu. Pesa yake ilikwenda hivyo, nami sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kumpa hotspoti awaandikie waliomuuzia. Mtandao ukigoma azime simu aiwashe, au aweke na kuondoa ile alama ya ndege. Pia aangalie kama roming imewashwa kwa ile eSIM yenyewe. Hapo ndipo wanapokwama wengi, maana wameambiwa wazime roming wakazima kote.

Pili, mara nyingi intaneti ya laini hizi huzungushwa kwanza mpaka nchi ya wanaoiuza ndipo irudi. Ndiyo maana programu nyingine zitamwona kama yuko huko, na simu za video zinachelewa kidogo. Anayefanya kazi akiwa kwako, mwenye mikutano ya kila siku, huyo apate laini ya hapa. Anunue bando lisiloisha muda, Safaricom wanalo tangu 2019, asije akanunua la saa 24 likafa usiku amelala.

---

MamaSalma_Shela

Nimesoma yote, na Salma amenisomea tena ya ami nahodha. Ahsanteni sana.

Laini za kuazima nimeziacha. Nilibonyeza *106# na nikakuta moja nisiyoijua, kesho naenda mjini kuiondoa. Ahsante fundi, singejua kamwe.

Dadangu wa Mambrui, nimekubali kuhusu wageni wa usiku tatu, lakini Lamu si Malindi. Hapa hakuna dereva wa kusimama na kibao nje ya mlango. Kuna gati, kuna maji kujaa na kutoka, na kuna nahodha mwenye kabambe. Hata wa usiku mmoja lazima avuke bahari kunifikia. Kwa hiyo nimeandika hivi, nirekebisheni:

"Bonyeza *#06# ukiwa kwenu, uniandikie kama umeona EID. Ukikaa kwetu chini ya siku nne, eSIM ya safari inakutosha, lakini kabla ya kupanda ndege niandikie namba yako ya kwenu na uiache laini hiyo imewashwa, intaneti yake ya roming ikiwa imezimwa. Nahodha akikukosa atakupigia hapo, na dakika moja ya roming ni nafuu kuliko kulala Manda. Ukikaa zaidi, leta paspoti. Nitakupeleka mjini mimi mwenyewe au Salma, upate laini yenye M-Pesa, ya kadi au ya eSIM. Laini ya safari usiifute hata ukiwa na hasira nayo."

Namba ya nahodha nimeiweka juu kwa maandishi makubwa, na chini yake nimeandika: hasomi WhatsApp, mpigie.

---

NahodhaMkanda

Ongeza na saa ya maji kujaa siku ile watakayotua. Hata mwenye namba, maji yakiwa yametoka atangoja.

---

MamaSalma_Shela

Nimeongeza, ami. Nimewatumia wageni wa Alhamisi, mume na mke kutoka Uholanzi, siku tisa. Wamejibu sasa hivi: simu ya mume imetoa EID, ya mke haikutoa, na ana paspoti mpya ambayo bado hajaijazia maombi ya kuingia Kenya. Nimemwambia amalize hilo kwanza, ya laini tutayafanya pamoja Ijumaa asubuhi kabla duka halijafungwa kwa swala.