Naomba ushauri: habari zinajileta zenyewe kwenye skrini iliyofungwa

Wakuu, habari za jioni. Nina simu ya Android, nimeinunua juzi tu Kariakoo. Kila nikibonyeza kitufe niangalie saa, nakuta picha mpya na kichwa cha habari: leo mpira, kesho udaku wa wasanii wa India ambao hata siwajui. Kidole kikiteleza kidogo tu, ukurasa unafunguka na bando linaliwa. Nimezima arifa zote, bado zinakuja. Nimepekua Mipangilio, upande wa skrini iliyofungwa na mandhari, sijaona pa kuzizimia, na programu yenyewe haikubali kufutwa. Cha ajabu, mke wangu amezipenda, anasoma bila hata kuweka namba ya siri! Kuna aliyefanikiwa kuzitoa bila kufuta kila kitu kwenye simu? Picha za wanangu zote zimo humo.