London Eye na mama mwenye magoti mabovu

Zuhura: Habari zenu wakuu. Mama anakuja London na hamu yake kubwa ni kupanda lile gurudumu la London Eye. Magoti yanamsumbua, na nasikia halisimami watu wakipanda. Ataweza? Halafu mimi mwenyewe naogopa kwenda juu.

FundiVyuma: Dada Zuhura, mpeleke mama. Kweli kwa kawaida halisimami, ila mwendo wake ni sentimita 26 tu kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea. Mwambie mhudumu mapema kuhusu magoti. Kwa wazee na walemavu huwa wanalisimamisha. Ndani kuna benchi katikati, na mzunguko mzima ni kama nusu saa, kwa hiyo atakaa zake.

Kuhusu woga, mimi kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na ninachokushauri ni ulitazame kwanza ukiwa daraja la Westminster. Mita 135 zile zimeshikiliwa upande mmoja tu! Miguu miwili imekita ukingoni na kuinamia mtoni, nyaya nene zinaivuta kwa nyuma isiangukie majini, na kutoka kitovuni nyaya nyingine zimekazwa kama spoki za baiskeli. Vipande vililetwa kwa matishari kupitia mto Thames, vikaungwa gurudumu likiwa limelala juu ya maji, ndipo likainuliwa. Septemba 1999 walijaribu, waya ukachomoka, wakaahirisha. Oktoba likasimama. Mafundi wanaokubali kuacha kazi siku ile badala ya kulazimisha, mimi nawaamini na roho yangu. (Waliolibuni ni mume na mke, David Marks na Julia Barfield.)

MamaNuru: Chagueni siku ya anga safi, mnaweza kuona hadi Windsor, kilomita 40 hivi. Wewe unayeogopa kaa na mama kwenye benchi, macho yaelekee mbali, usichungulie chini ya miguu.

Zuhura: Asanteni sana. Mama anauliza, chumba kinayumba kama bembea?

FundiVyuma: Hapana, mwambie atulie. Vyumba vyote 32 vimefungwa nje ya duara, havining'inii. Kila kimoja kina mota inayokigeuza kidogo kidogo gurudumu likizunguka, sakafu inabaki sawa muda wote. Hata akiamua kusimama pale juu kabisa, magoti hayatapata mtikiso.