Mutoto muchanga hatetemeki na baridi, anatosha moto wapi?

mama_nguba
Jambo batu ya humu. Dada yangu amezala juma iliyopita na huku Bukavu mwezi wa saba usiku baridi inapiga kabisa, siye bakubwa tunatetemeka lakini mutoto hapana, analala tu kimya. Muforoma alisema batoto banazaliwaka na mafuta ya rangi ya kahawia yenye kutosha moto. Ni kweli? Na kuko jirani anaogaka maji ya baridi kila asubui, anasema ile mafuta ikiamuka inakondesha mutu.

labo_goma
Ni kweli. Mutoto muchanga hajui kutetemeka vizuri, moto yake inatoka kwa ile mafuta, iko katikati ya mabega, kwa shingo na karibu ya mafigo. Ukahawia unatoka kwa mitokondria, ile mimotere midogo ya kutengeneza nguvu ndani ya seli, juu iko mingi sana ndani ya kila seli na ina chuma. Kawaida mitokondria inachoma mafuta na sukari, ile nguvu inasukuma protoni (vipande vidogo sana vyenye umeme) inje ya utando wake wa ndani, zikirudia ndani zinatengeneza ATP, ndiyo esansi yenye mwili unatumikisha. Sasa hapa kuko protini moja, UCP1, inafungulia protoni njia ya mukato, zinarudia bila kutengeneza kitu, nguvu inatoka moto tupu. Ni pikipiki yenye motari ameacha inaunguruma kando ya barabara: haiendi fasi, esansi inaisha, motere inachemuka. Mwenye kuwasha ni ubongo, ukisikia baridi unatuma habari kwa mishipa ya fahamu, zinamwanga noradrenalini, kemikali ya kubeba habari, pale kwenye mafuta, kisha damu inabeba ile moto mwili muzima.

jirani_wa_kadutu
Muangalie lakini, kama hatetemeki si kusema hasikii baridi!! Ile kazi inakula oksijeni na sukari, akiba ikiisha mutoto anapoa, hata kunyonya anaacha. Na mwenye alizaliwa mbele ya wakati iko nayo kidogo zaidi. Kifua kwa kifua na mama, kofia kichwani, na kumuogesha kungoje saa 24 kama vile OMS (shirika la afya la dunia) inasema, hata bibi akinuna.

mama_nguba
Aksanti sana. Na ule jirani wa maji ya baridi je?

labo_goma
Zamani waganga mingi balizani mukubwa hana tena, mpaka 2009 ndiyo baliona kwa mashini ya PET, yenye kupiga picha fasi mwili unachoma sukari, kama bakubwa bamoja bangali nayo, juu ya mufupa wa mtulinga (clavicule) na kwa shingo. Baridi inaiamusha kweli na inavuta mafuta na sukari kutoka kwa damu. Lakini ni kidogo, na baridi inaleta njaa, akitoka kuoga anapiga mikate na chai ya sukari mingi, basi ile yote imerudia. Kwangu mimi ile maji ni ya kuamuka tu.

mfugaji_walungu
Alor na nguruwe? Batoto yake inazaliwa inatetemeka na kulaliana, lakini ya dende (cobaye, kile kinyama kidogo cha kufuga) haina shida ile.

labo_goma
Umeona vizuri mufugaji. Nguruwe jeni yake ya UCP1 iliharibika tangu mamilioni ya miaka, haina ile mafuta yenye kutumika, inabakia kutetemeka tu. Dende inazaliwa nayo. Nguruwe zako uzitandikie majani makavu mingi na uzibe upepo siku za kwanza.

mfugaji_walungu
Sawa, leo naziba ule ukuta wa mabao.