Naomba ushauri: bao na riwaya baraza moja

Ndugu zangu, assalamu alaikum. Mimi na wenzangu hapa Lamu, mtaa wa Langoni, hukutana barazani baada ya alasiri kucheza bao. Lakini bao ni la watu wawili. Waliobaki kazi yao ni kuwafundisha wachezaji (na wajuzi wa pembeni hawaishi). Ndipo tukaanza kusomeana riwaya za upelelezi kwa sauti.

Zimependeza mno, ila wachezaji wanalalamika. Mtu yuko kwenye mtaji (awamu ya bao ambapo kete zote zishaingia ubaoni), anapiga hesabu kete zake zitaishia shimo gani, hataki habari za maiti. Tumejaribu kupokezana, mchezo mmoja sura moja: hadithi ikapoa. Wasomaji wakahamia baraza ya pili, kundi likagawanyika. Dhumna (domino) nayo kwa kishindo chake ndiyo mbaya zaidi.

Tena nakala ni moja. Kuna mwenzetu huiazima usiku, kesho yake anatutangazia muuaji ni nani!

Mnaochanganya michezo na usomaji, mnapanga vipi? Na je, hadithi fupi zinazokwisha kikao kimoja zingetufaa kuliko riwaya?